Mashindano ya Mtaro wa Butihinda

Wiki iliyopita kijana wa jirani yangu hapa Nyamugari alikuja kunisalimu. Amepewa cheo, sasa ana watu chini yake, na mama yake alimtuma aje nimpe maneno ya kumsaidia kwa sababu anajua nilisimamia watu miaka mingi. Nikamwekea chai. Kumbe yeye ndiye alikuja kunifundisha mimi! Akaniambia amewagawa wafanyakazi wake makundi mawili na kuwashindanisha, watakaomaliza kwanza watapata zawadi.

"Ni motivasyo, Mama Idi, nawatia hamasa," akasema, huku anatabasamu.

Nikaweka kikombe chini. Nilimjibu kwa ukali, akaaga na kuondoka kabla sijamweleza sababu ya hasira yangu. Basi nimeketi kuandika, yeye asome, na nyinyi wengine mnaopewa watu wa kuongoza msome pia. Mkiona sauti yangu iko juu, vumilieni. Jambo hili nimelibeba muda mrefu.

Jina langu ni Zaina, mama yake Idi. Nilifanya kazi katika shirika la maji lililokuwa na ofisi hapa Gitega. Kazi yangu ilikuwa kusimamia timu zinazochimba mitaro na kulaza mabomba, ili maji yatoke kwenye chemchemi mlimani yafike kwa watu. Kazi hiyo nilifundishwa na Mzee Sadiki, fundi bomba wa mtaa wetu, mtu mfupi mwenye mdomo mkali na moyo laini. Wengi walicheka alipomchukua mwanamke. Yeye aliwajibu kwamba bomba halina habari na nani amelikaza, mradi limekazwa.

Jambo la kwanza alilonifundisha halikuhusu maji kabisa. Tulikuwa Giheta, tunatengeneza bomba la karibu na soko, na mzee akamwambia kibarua mpya, "Lete ufunguo mkubwa." Yule bwana akakimbia. Tukamngoja, tukamngoja, maji yanatumwagikia miguuni, akina mama wa sokoni wanatucheka. Akarudi jasho linamtiririka, ameshika ufunguo wa kufuli la ghala letu! Mzee alikuwa anataka ule wa kukazia bomba.

Nilidhani atamtukana. Hakumtukana. Alinigeukia mimi akasema, "Umeona kosa langu? Nimemtuma mtu sikumuuliza amesikia nini. We ukimpa mtu kazi, mwambie akurudishie kwa mdomo wake. Asipoweza kukurudishia, hujampa kazi, umempigia kelele."

Hilo nimelitumia maisha yangu yote, na nimeona wakubwa wenye ofisi nzuri hawalijui. Wanatuma ujumbe kwenye simu, wanaandika "haraka", halafu wanashangaa wameletewa ufunguo wa kufuli.

Sasa niwapeleke Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania.

Vita vya nchini kwetu vilikuwa vimekwisha na watu walikuwa wanarudi kutoka Tanzania. Walikuja na mabati, masufuria, watoto waliozaliwa kambini ambao walikuwa hawajawahi kuiona nchi yao. Kule Butihinda kulikuwa na kilima kimoja ambacho familia nyingi zilizorudi zilijenga karibu na familia ambazo hazikuondoka. Maji yalikuwa mbali, bondeni, na wanawake wa pande zote mbili waligombana kisimani karibu kila siku. Shirika letu likaamua kuleta maji hapo kutoka chemchemi ya juu. Nikatumwa mimi.

Siku za kwanza sikuchimba kitu. Nilitembea na watu kuanzia chemchemi hadi mahali pa tangi, nikapiga vigingi vya kuonyesha njia ya mtaro. Wakati wa kuchagua wafanyakazi nilichagua nusu kwa nusu, waliorudi na waliobaki, nikawachanganya makusudi. Kila sehemu ya mtaro nilimweka mtu wa huku na mtu wa huku.

Kulikuwa na kelele, sitawadanganya. Hata majina ya vyombo yalikuwa ugomvi. Waliorudi walisema bomba, waliobaki walisema tuyo. Huyu anaomba beleshi, mwenzake anamtazama tu, kwa sababu yeye anajua peli. Lakini ugomvi wa namna hiyo unazaa utani. Baada ya muda mfupi walikuwa wanaitana "Bwana Beleshi" na "Bwana Peli", na mtaro unakwenda.

Viongozi wao walikuwa wawili. Lazaro alikuwa amekulia Tanzania tangu mtoto mdogo, na huko kambini alijifunza kazi ya mabomba. Alikuwa mtu wa maneno machache, Kiswahili chake kimenyooka, na alikuwa na tabia moja niliyoipenda sana. Akikosea, alikuja kukwambia kabla hujagundua. "Mama, pale jana nimekosea, nimeanza kurekebisha." Nawaambia, ukipata mtu wa namna hiyo katika timu, mshike kwa mikono miwili. Na ukitaka kumpata, usiwapigie watu kelele wanapokuja na habari mbaya. Ukiwapigia kelele, habari mbaya hazitakwisha. Zitaacha tu kukufikia.

Wa pili alikuwa Nestori, aliyebaki pale kilimani vita vyote. Mchangamfu, mwenye nguvu, anayeimba akiwa kwenye shimo na kuwafanya wengine waimbe. Kaka yake aliuawa wakati ule, hakupenda kulizungumza. Yeye na Lazaro walianza kwa kutazamana vibaya, baadaye wakawa wanakula sahani moja.

Hapo ndipo patroni wetu alipofika.

Alikuwa anaitwa Deo, mkurugenzi wetu wa Gitega. Alikuja na gari kupitia Karuzi, viatu vinang'aa, akatazama mtaro dakika chache tu, akasema tunakwenda polepole. Wageni wakubwa walikuwa wamealikwa kwenye sherehe ya kufungua maji, na siku ilikuwa imeshapangwa. Nani aliipanga? Watu wa Gitega, mezani, bila kumuuliza hata mmoja wetu ardhi ya Butihinda ni ngumu au laini!

"Bon, sawa," akasema. "Tutafanya mashindano. Waliorudi wachimbe kutoka tangini wakipanda juu. Waliobaki wachimbe kutoka chemchemi wakishuka. Hapa katikati naweka bendera. Watakaofika kwanza, kiongozi wao anapata baiskeli."

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, "Patroni, hawa watu wametoka kupigana. Mi nimewachanganya, we unawatenganisha. Tena mtaro ni mmoja. Huwezi kushindanisha mkono wa kulia na wa kushoto katika kubeba mzigo mmoja."

Akacheka. "Mama Idi, we una huruma sana. Hii ni manejimenti."

Mkae mlifikirie kidogo. Nchi nzima ilikuwa inahangaika kuwafanya watu waliokimbia na watu waliobaki waweze kukaa tena pamoja, na huyu bwana, kwa ajili ya sherehe, anachora mstari kati yao na kuweka bendera juu yake. Tena baiskeli ya mtu mmoja! Kundi zima linavunjika mgongo, anayepanda baiskeli ni mmoja. Hata kama unataka kutoa zawadi, ndivyo zawadi inavyotolewa?

Asubuhi ya kwanza ya mashindano nilijua tumeharibikiwa. Utani ulikwisha. Mabeleshi yalianza kupotea, kila kundi likificha vyombo vyake. Waliacha kula pamoja. Mtu wa chini akimuuliza wa juu habari ya udongo, anajibiwa, "Utaona ukifika." Wanawake kisimani nao wakaanza upya, hawa wakiwasifu waume zao, hawa wakijibu.

Nilikuwa bado najaribu kuwatuliza nilipoitwa Gitega. Nilidhani ni jambo la vifaa, mabomba mengine au saruji. Hapana. Nilikaa siku nzima katika mkutano wa kupanga hema la wageni, viti vya mbele vya nani na soda za namna gani. Siku iliyofuata mkutano mwingine, wa mambo yaleyale. Niliomba kurudi shantye, kule kwenye mtaro, nikaambiwa mimi ni sehemu ya maandalizi. Msimamizi wa mtaro anahesabu viti, na mtaro hauna msimamizi. Mkipata madaraka, msiwafanyie watu wenu hivyo. Kabla ya kumwita mtu mkutanoni, jiulize anaacha nini nyuma.

Niliporudi Butihinda nilikuta mtaro umefunikwa. Bendera ilikuwa imeng'olewa, Nestori anazunguka kilimani na baiskeli mpya. Patroni alikuwa amewapigia simu akaamuru walaze mabomba na kufukia mara moja, wasingoje mtu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutazama mtaro kabla haujafukiwa, sikuutazama.

Tukafungua maji kwenye chemchemi. Watu wote walikuwa wamekusanyika kwenye tangi, wanawake na madumu, watoto wanarukaruka. Patroni naye alikuwa amekuja. Tukangoja. Bomba likatoa hewa, likakoroma kama mzee aliyelala, likanyamaza. Hakuna tone.

Nikajua mara moja kwamba mahali fulani bomba limepanda mgongo na hewa imekaa pale juu, maji hayapiti. Nikasema tuanze kufukua katikati, mahali makundi yalipokutana. Patroni hakunisikia. Alikuwa amekasirika, na mtu aliyekasirika mbele ya watu hutafuta mtu kwanza, sababu baadaye.

"Nani walifika wa mwisho?" akauliza.

Watu wakageukia kundi la waliorudi.

"Nani kiongozi wao?"

Lazaro akanyoosha mkono. "Ni mimi, baba. Lakini naomba kueleza. Pale kwenye bendera—"

"Sitaki maelezo! Nyinyi wa Tanzania mlizoea kupewa chakula bure, kazi hamjui. Umefukuzwa. Toka hapa."

Alisema hivyo mbele ya mke wa Lazaro. Mbele ya watoto wake, mbele ya majirani ambao tangu waliorudi wafike walikuwa wakinong'ona maneno hayohayo chini chini. Sasa mkubwa mwenye gari ameyasema kwa sauti. Nilisimama kati yao, nikamwambia patroni, "Hujatazama hata shimo moja! Unamfukuza mtu kwa kosa ambalo hulijui!" Akaniambia ninyamaze au nami nifukuzwe. Lazaro ndiye aliyeninyamazisha. Aliweka beleshi chini taratibu, akasema, "Mama, acha," akamshika mkono mtoto wake mdogo, akaenda zake.

Patroni akapanda gari. Aliacha amri kwamba maji yawe yanatoka kabla ya sherehe.

Asubuhi yake Nestori alikuja kwenye nyumba ya wageni nilipolala. Alikuwa anaisukuma baiskeli, hakuipanda. Alikuwa amevimba macho.

"Mama, iko kitu nataka kukwambia. Kosa si ya Lazaro. Ni ya siye. Pale karibu na bendera tulikuta mwamba. Kuupasua ilikuwa kazi ya siku nyingi, na wale walikuwa wanakaribia. Mi nikasema tupite juu yake."

"Na Lazaro alijua?"

"Alifika, akaona. Akaniambia, 'Kaka, huku kwenu pamepanda, maji hayatapita, turudi tuupasue pamoja.' Mi nikamwambia we umeshindwa, sasa unataka kutuchelewesha. Nikafukia haraka." Akainamisha kichwa. "Mama, mi nilifikiri ni ujanja wake. Vile tulikuwa tumefika, kila kitu walisema tuliona ni ujanja."

Hayo ndiyo matunda ya mashindano. Mtu alileta habari ya kweli, kwa wakati, kwa heshima, na mwenzake hakuweza kuisikia kwa sababu alikuwa amefanywa mpinzani. Kabla ya bendera ile Nestori angemsikiliza Lazaro, nina hakika kabisa, na wangeupasua mwamba pamoja huku wakiimba. Nestori sikumchukia. Aliwekewa mtego akaingia, na aliyeutega alikuwa Gitega anakunywa kahawa.

Nikamwambia, "Mi umeniambia, asante. Lakini Lazaro hakufukuzwa chumbani kwangu."

Akaelewa. Alikwenda kwenye mtaro, akangoja makundi yote yafike, akapanda juu ya lundo la udongo akasema yote. Wengine wa kundi lake walimzomea, wakisema anawaaibisha. Alirudia tena. Halafu akashika nyundo kubwa, akaenda pale kwenye mwamba akaanza kupiga. Mtu mmoja wa kundi la Lazaro akashuka shimoni akashika patasi. Kisha mwingine. Sikuwapanga mimi. Walijichanganya wenyewe.

Baada ya siku chache mwamba ulipasuka, bomba likashushwa mahali pake, maji yakafika tangini. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nililia, si kwa furaha peke yake. Mke wa Lazaro hakuwepo.

Tulikwenda nyumbani kwake, mimi na Nestori. Tulimkuta analima mihogo. Nestori akamwomba radhi, na Lazaro akamsikiliza mpaka mwisho, akampa mkono. Hapakuwa na shida. Nikasema, "Basi rudi kazini, baba. Mi nitamwambia patroni."

Akatikisa kichwa. "Mama, wewe hukunifukuza. Yeye alisema mbele ya watu kwamba sisi tuliotoka Tanzania hatujui kazi. Watoto wangu wanaambiwa hivyo njiani sasa. Na aje aseme mbele ya watu kwamba alikosea. Sidai kingine."

Nikasafiri hadi Gitega. Nikaingia ofisini kwa Deo, nikamweleza habari yote, mwamba, bendera, maneno ya Nestori. Unajua alinijibu nini? "Si maji yanatoka? Basi. Kwa nini unachokora mambo? Mrudishe kazini, mwambie nimemsamehe."

Amemsamehe! Mtu ambaye hakukosa kitu, anasamehewa!

Nilirudi Butihinda nikawaambia wafanyakazi majibu hayo neno kwa neno, sikupunguza. Kulikuwa bado na bomba la kwenda shule halijalazwa, nalo lilitakiwa siku ya sherehe. Nestori akaweka nyundo chini akakaa kwenye majani. Wenzake wakakaa. Wa upande wa Lazaro wakakaa. Nikawauliza, "Mnangoja nini?" Nestori akajibu, "Tunangoja patroni." Na mimi nikakaa nao. Ndiyo, msimamizi nikakaa. Sijutii.

Deo alikuja na vumbi lake. Alitishia kuleta vibarua wengine kutoka mjini. Hakuna aliyeinuka. Alipoona jua linapanda na wageni wanakaribia, akamwita Lazaro, ambaye alikuwa ameitwa na watu akasimama kando, akamvuta karibu na gari akamnong'oneza kitu.

Lazaro akarudi nyuma hatua moja. Akasema kwa heshima, lakini kila mtu akasikia, "Baba, siku ile ulisema kwa sauti."

Patroni akafunga mlango wa gari. Akageuka akatutazama sote, akasema haraka haraka kama mtu anayekunywa dawa chungu, "Lazaro hakukosa. Mi nilikosea. Na yale maneno ya Tanzania, nayafuta." Hakuongeza neno. Lakini mke wa Lazaro alikuwepo safari hii, na watoto.

Watu wakapiga makofi, wakachukua vyombo, bomba la shule likalazwa siku ileile. Mimi nikamwendea Lazaro na beleshi lake mkononi, nikampa. Hakulipokea.

"Nashukuru, Mama Idi," akasema. "Nilitaka jina langu, na nimelipata. Kazi yake siitaki. Siwezi kufanya kazi kila siku najiuliza lini atanigeuka tena."

Nilimbembeleza. Nestori alimbembeleza. Akarudi kwenye mihogo yake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo hadi leo, wanangu. Mnafikiri mtu ukimkosea utamrekebisha kwa maneno, mambo yarudi yalivyokuwa. Maneno lazima yasemwe, na yasemwe palepale alipovunjiwa heshima. Lakini baada ya hapo yeye ndiye anayeamua, si wewe.

Baadaye shirika likapata kilima kingine, kigumu kuliko kile, miamba kila upande. Deo alitandaza ramani mezani Gitega, akaitazama sana, akasema bila kuinua uso, "Hapa tutamhitaji yule Lazaro. Nenda Butihinda, Mama Idi, umlete."

Nikamwambia, "Nenda mwenyewe, patroni. Nyumba yake unaijua."

Hakwenda. Tulianza kazi bila Lazaro.